Nyumba Iliyonenepa

Nyumba ya Bi Chausiku ilikuwa imenenepa. Mtaa mzima wa Matete ulilijua jambo hilo, ila hakuna aliyelisema kwa sauti mpaka asubuhi ile Sikudhani aliposhuka kichochoroni na ndoo ya chokaa mkononi.

Alishuka polepole, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba. Ndoo yenyewe haikuwa nzito. Kilichokuwa kizito ni macho ya watu. Kila mlango aliopita palikuwa na mtu amesimama, huyu anajifanya anafagia, yule anajifanya anatafuta kuku, na wote wanaitazama ndoo. Chokaa kule Matete haikuwa ya kupaka. Kuta zao zilikuwa hai, na ukuta ulio hai ukizungushiwa duara la chokaa hauli tena. Hukauka, hupasuka, kisha huwa unga mweupe, upepo ukauzoa.

"Mwenyekiti!" aliita Maulidi Ngwali, fundi viatu, sindano ikiwa bado mdomoni. "Hiyo ndoo ni maziwa, au ni ile tunayoifikiria?"

"Shona viatu, Maulidi."

"Nashona. Nauliza tu, maana juzi na mimi niliipa nyumba yangu makombo ya pilau. Usije ukanipima kiuno."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuondoa hofu. Sikudhani akaendelea kushuka.

Nyumba ya Bi Chausiku ilikuwa ya mwisho kabisa chini, karibu na Mto Mkese. Wengine kuta zao zilikuwa nyembamba, ngumu, rangi ya muhogo uliomenywa. Za Bi Chausiku zilikuwa zimejaa, zimefanya mikunjo kama mikono ya mtoto anayenyonya. Na nyumba yenyewe ilikuwa imehama. Upande wa mtoni, ambako zamani palikuwa na njia pana ya kupita na gari la mkono, sasa palikuwa na tumbo la nyumba.

"Hodi hapa."

"Karibu," Bi Chausiku alijibu kutoka barazani, "ila hiyo ndoo iache huko huko."

Sikudhani akaiacha. Alimkuta mama wa watu ameinama, kata mkononi, anamwaga uji taratibu kwenye shina la ukuta. Kulisha nyumba ni kazi ya kila asubuhi Matete. Kila mtu huchemsha uji wa pumba, akaupoza, akamwaga kata moja mahali panapohusika, na nyumba hunywa. Hunywa na maji machafu ya vyombo pia, ikayachuja tumboni, ikayatoa safi kwenye kichirizi cha jikoni. Lakini uji huu ulikuwa unanukia.

"Bi Chausiku! Unaitilia sukari?"

"Na hiliki. Kwani wewe unakunywa uji usio na hiliki?"

"Nyumba siyo mtu, mama."

"Umewahi kuiuliza?"

Sikudhani akaketi. Sasa alielewa. Chachu ya nyumba, ile inayozipa kuta uhai, hufuata chakula. Ukiilisha upande mmoja husogea upande huo, pole pole, kama konokono. Na kitu kitamu ndicho hukikimbilia zaidi. Bi Chausiku alikuwa akimwaga sukari upande wa mto, na nyumba yake imemfuata mpaka imekalia mahali tuta la kuzuia mafuriko ya mto lilipotakiwa kupita.

"Kwa nini upande huu tu?" aliuliza.

Bi Chausiku alisogeza kanga aliyokuwa ameitundika ukutani. Nyuma yake palikuwa na shimo pana, si refu, limelainika kama kiti cha zamani. Lilikuwa umbo la mgongo wa mtu, bega moja limeshuka kuliko jingine.

Sikudhani alilifahamu bega lile. Marehemu Mzee Mkumba, mume wa Bi Chausiku, alibeba magunia bandarini tangu ujana, na bega la kulia lilikuwa limelala. Kuta zilipokuwa bado changa alikuwa akiegemea pale kila jioni, na ukuta mchanga hushika umbo la kinachougusa sana.

"Ukuta wenye njaa hujilamba," alisema Bi Chausiku. "Wewe unajua. Ukijilamba, hufuta kila kitu. Kwa hiyo nimeushibisha. Basi. Ndiyo kosa langu, na wala silikatai. Haya, chukua ndoo yako uchore."

"Mama..."

"Chora! Sheria tumeitunga wote pale uwanjani. Nyumba itakayoziba njia ya maji, iwe ya nani, izungushiwe chokaa. Na ni mimi niliyesema mwenyekiti achore kwa mkono wake mwenyewe, asitume vijana. Nilisema mimi, nakumbuka na nguo niliyovaa. Wewe chora. Ila sitoki. Utachora nami nikiwa ndani, ninakunywa chai."

Akaingia ndani, na kweli vikombe vikasikika vinagongana. Alirudi na viwili.

Wakanywa chai. Kisha Sikudhani akaichukua ndoo na kupanda nayo, imejaa vilevile kama aliposhuka nayo. Safari hii hakuna aliyejifanya anafagia.

*

Injinia Lugano alikuwa tutani, suruali imekunjwa mpaka magotini, kioo chake cha kupimia kikiwa kimefungwa mkononi kwa kitambaa. Alikuwa kijana mpole wa Mbeya, na Matete ndio waliomwajiri. Jiji lilipowaachia wajipangie mtaa wao wenyewe, kitu cha kwanza walichofanya ni kumtafuta mtu wa kuwaelekeza bila kuwaamuru.

"Hujachora," alisema alipoiona ndoo.

"Sijachora. Niambie tena kwa nini tuta haliwezi kuizunguka ile nyumba."

Lugano hakukasirika kuulizwa tena. Alichuchumaa, akachora kwa kidole kwenye tope. "Hili tuta linakuja kutoka juu ya mto, hili linakuja kutoka chini. Yanatakiwa yakutane hapa. Tukilipeleka mbele ya nyumba, upande wa mto, ni tope tupu. Mizizi haitashika, maji yatalibeba kama godoro. Tukilipeleka nyuma ya nyumba, hakuna nafasi, maana jirani yake Tekla yuko hapo hapo."

"Na likiungana na ukuta wa nyumba yenyewe? Chachu si moja?"

"Chachu ni moja, shibe ndiyo siyo moja. Tuta tumelilea kwa pumba, limekauka, lina misuli. Nyumba ile imelewa sukari. Ukiziunganisha, zinashikana juu juu, ndani panabaki ufa." Akapitisha ukucha kwenye tope. "Maji yakiuona huo ufa, hayapiti kwa Bi Chausiku peke yake. Yanaingia Matete yote kwa nguvu ya mto mzima. Afadhali tusingejenga tuta kabisa."

Ng'ambo ya mto mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima, meusi chini. Masika yalikuwa hayajafika, lakini harufu yake ilikuwa imeshafika.

"Na nyumba ikirudi nyuma?"

"Irudi wapi, mama? Inahitaji nafasi ya upana wa kitanda cha watu wawili. Nyuma yake kuna Tekla, nyuma ya Tekla kuna mwingine, na mwingine, mpaka barabarani. Hamkuacha hata pa paka kugeukia." Alisimama, akapangusa mikono. "Mimi ni mtu wenu. Mkisema chokaa, nitasaidia kubeba. Mkisema hapana, nitasimama hapa na koleo mpaka maji yanikute. Ila mvua haitasubiri tukubaliane."

Sikudhani alibaki pale baada ya Lugano kwenda kunywa maji. Alikumbuka asubuhi nyingine, miaka mingi nyuma, nyumba za Matete zilipokuwa za mabati na udongo. Watu wa Mamlaka ya Mabonde walikuja na kopo la rangi nyekundu na kuchora X kwenye kila mlango. Walikuwa na adabu zao, wala hawakutukana mtu. Walieleza vizuri kabisa kwamba mji ni mkubwa na mtaa ni mdogo, na kwa faida ya wengi lazima wachache waondoke. Mama yake Sikudhani alisugua ile X kwa majivu na gunzi mpaka vidole vikachubuka, na haikutoka.

Sasa yeye ndiye mwenye kopo. Wengi ni Matete, mmoja ni Bi Chausiku. Hesabu ilikuwa ile ile, waliobadilika ni wenye rangi.

Na bado, watoto wa Tekla walikuwa wanalala chini ya lile tuta.

*

Mkutano ulifanyika uwanjani baada ya alasiri. Majamvi yalitandikwa, wanawake huku, wanaume huku, na waliochoka kugawanyika wakakaa popote. Bi Chausiku alikuja. Alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani, kama mtu aliyefika hospitali mapema.

Sikudhani alieleza yote. Hakuficha sukari, hakuficha mgongo wa Mzee Mkumba, na alieleza kuhusu ufa kama alivyoelezwa. Alipomaliza, Tekla alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa Songea, sauti yake haikuhitaji kupazwa.

"Mimi Bi Chausiku ni jirani yangu. Nilipojifungua, supu ya kwanza nilikunywa kwake. Kwa hiyo asije mtu akaniambia sina moyo. Lakini maji yakija, yataanza kwangu. Watoto wangu hawawezi kuelea juu ya huruma yenu. Sheria tuliitunga wote. Tukiivunja leo kwa sababu ya mgongo wa marehemu, kesho nani ataifuata?"

"Amesema kweli," watu wakanong'ona, ila wengine wakadai bibi aonewe huruma.

"Nimesema mwenyewe ichorwe!" Bi Chausiku aliwageukia. "Mnanitetea nani kawatuma?"

"Utatoka ndani, bibi?" Tekla aliuliza.

"Sitoki."

"Sasa hapo tumefanya nini?"

Mabishano yakaanza, kila mtu na lake. Mmoja alisema abebwe na kiti chake. Mwingine alisema anayembeba aanze kwa kumbeba mama yake mzazi. Maulidi Ngwali alisema nyumba ipigwe marufuku kula futari. Katikati ya kelele hizo akatokea Mama Nasoro, muuza samaki wa kukaanga, amechelewa, anahema, mwili wake mkubwa unanuka mafuta na ndimu. Alisimama pembeni ya jamvi lililojaa pomoni.

"Jongeeni basi nikae, miguu inaniua."

Hakuna aliyemwambia jamvi limejaa. Haisemwi hivyo, si kwenye arusi wala kwenye hitima. Aliyekuwa karibu naye akainua makalio akasogea, na wa pembeni yake akasogea, na yule mwingine vilevile, huku wanaendelea kubishana, wala hawaangalii. Wimbi hilo likaenda jamvi zima. Mama Nasoro akakaa. Na kule mwisho kabisa Maulidi Ngwali akasukumwa mpaka akabaki tako moja jamvini, jingine mchangani.

"Jamani, mimi huku nimeshafika wilaya nyingine!" alilalamika.

Kicheko kikapasuka. Sikudhani hakucheka. Alikuwa anamtazama Maulidi, kisha Mama Nasoro, kisha Maulidi tena.

"Lugano," aliita. "Ulisema hakuna nafasi nyuma ya Bi Chausiku."

"Hakuna, mama."

"Na kila nyumba ikisogea kidogo? Zote, kuanzia chini mpaka barabarani. Kila mmoja atoe kiasi cha mkono, kutoka kiwiko mpaka kidole."

Lugano akakilaza kioo chake pajani na kuanza kukigusa gusa. Kwenye kioo nyumba za Matete zilionekana kama punje za mahindi gunzini, na kidole cha Lugano kilikuwa kinazisukuma moja moja.

"Vichochoro vitabana," alisema mwishoni. "Tubakize njia moja kubwa ya kupitisha machela, hiyo siiachii. Vingine vitabana sana. Lakini..." Alipiga hesabu tena. "Nafasi inapatikana. Upana wa kitanda unapatikana."

"Sasa tunangoja nini?" mtu akauliza.

"Tatizo ni pa kuanzia," Lugano alisema. "Ya chini haiwezi kuanza, haina pa kwenda. Lazima ianze ya juu kabisa, ya barabarani. Hiyo isogee, ndiyo inayofuata ipate nafasi. Na ya juu mbele yake kuna mtaro wa barabara, hauvukwi. Kwa hiyo itabidi imeze baraza lake yenyewe."

Nyumba za juu hazijawahi kuingiwa na maji hata mara moja. Kila mtu alilijua hilo. Na kila mtu aliijua nyumba ya juu kabisa, iliyokuwa na baraza lenye cherehani na kibao kilichoandikwa *Siku Fashion*. Hilo ndilo lililokuwa duka la Sikudhani. Hakuwa na jingine.

Ingekuwa rahisi kusema wazo ni zuri, lakini tulifikirie zaidi.

"Yangu itaanza kesho asubuhi," alisema.

"Na asiyetaka?" Tekla aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Mimi nyuma ya nyumba nimeongeza chumba. Mama yangu anahamia kutoka Songea, ni mgonjwa. Nikisogea, nyumba itakimeza hicho chumba."

"Asiyetaka hatalazimishwa. Tukilazimisha, ni heri nichore chokaa sasa hivi, tujue moja."

Vyungu viwili vikaletwa, kama kawaida ya Matete wakiwa na jambo la kukata. Kimoja cha chokaa, kimoja cha kujongea. Kila nyumba ilimwaga kata yake ya uji katika chungu ilichokitaka. Chungu cha kujongea kilifurika. Kata ya Tekla iliingia katika kile kingine, na alimwaga mbele ya watu wote, bila kujificha.

*

Nyumba ya Sikudhani ililishwa upande wa barabara na kunyimwa upande wa chini. Siku ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili ilinguruma kama tumbo la ng'ombe. Baada ya hapo ikaanza kulila baraza, ikizifunika zile nguzo ndogo moja baada ya nyingine. Sikudhani aliihamishia cherehani ndani, kati ya kitanda na jiko, na wateja wakawa wanapimwa gauni huku mchicha unachemka.

"Angalau nguo zako sasa zina ladha," alisema Mama Nasoro.

Ikafuata nyumba ya Maulidi, na zilizofuata. Matete yote ilikuwa inajisogeza. Milango iligoma kufunguka, picha zilianguka, majirani walianza kusikia mambo ya ndani ya wenzao ambayo hawakuomba kuyasikia. "Nimelala kichwa kibla," Maulidi alitangaza, "nimeamka kichwa kiko kwa shemeji!" Watu walilaumu, walitukanana kidogo, kisha walikwenda kuazimana kata.

Kazi ikashuka hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka ikafika kwa Tekla. Hapo ikasimama. Nyuma ya kile chumba chake kipya palikuwa wazi, majirani wa juu wameshajongea, lakini Tekla alikuwa anailisha nyumba yake katikati tu, haendi mbele wala nyuma. Na mawingu yalikuwa yameshavuka vilima.

"Kata moja tu," Maulidi alimnong'oneza Sikudhani. "Akienda sokoni. Kata moja ya uji mtamu nyuma ya nyumba, ikishaonja itakwenda yenyewe. Nani atajua?"

Sikudhani alilifikiria. Alilifikiria zaidi ya alivyopenda. Usiku ule hakulala vizuri, na alfajiri alikuta tayari mkono wake umeshika sufuria.

"Nyumba ya mtu hailishwi bila mwenyewe," alimjibu Maulidi asubuhi, na alikuwa anajiambia mwenyewe pia. "Tukifanya hivyo hakuna tena atakayelala usingizi Matete. Kila mtu atakuwa analinda ukuta wake."

Alishuka mpaka chini, hana ndoo safari hii, hata hakujua anakwenda kusema nini. Alimkuta Bi Chausiku barazani, kata ameifudikiza mchangani.

"Leo haili," alisema Bi Chausiku. "Na jana haikula. Upande huu sitaulisha tena."

Sikudhani alitazama. Ukuta ulikuwa umesinyaa, ngozi yake inameremeta umajimaji. Ulikuwa unajilamba. Lile umbo la mgongo lilikuwa limeshakuwa kama kivuli, bega lililolala halikutofautiana tena na jingine.

"Mama, ungesubiri Tekla akubali kwanza."

"Nisubiri nini? Nyote mmesogea kwa ajili yangu, mimi nimekaa tu nanyonyesha ukuta. Naona haya."

Tekla alikuwa kwenye kamba yake ya nguo, hatua chache tu kutoka hapo. Shati la mtoto lilikuwa limening'inia mkononi mwake, hajalianika.

"Bibi, unaiua mwenyewe?"

"Siiui. Naitia njaa ipate hamu ya kuondoka. Haina pa kwenda, basi itajilamba tu mpaka iishe. Ni shauri lake. Wewe sikulaumu, mwanangu. Una mama anakuja, na mama ni mama."

"Na huo mgongo wa babu?"

Bi Chausiku akaugusa ukuta kwa kiganja. "Unakwenda. Nimemkalisha muda mrefu yule mzee, naye alikuwa hapendi kukaa."

Tekla akaanika shati. Akaanika na kaptura. Akaingia ndani, na Sikudhani akadhani mazungumzo yamekwisha. Kisha harufu ya uji ikatoka, na Tekla akatokea na sufuria nzima, akazunguka nyuma ya nyumba yake, kwenye kile chumba kipya. Wakamsikia anamwaga.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti ya ukali. "Ila mama yangu akija, atalala kwako. Mpaka tupate pa kumjengea. Si siku mbili, ni mpaka tupate."

"Alale," Bi Chausiku alisema. "Akikoroma namrudisha."

"Anakoroma."

"Basi tutakoroma wawili."

*

Nyumba mbili za mwisho zilisogea kwa pupa, ile yenye njaa ikiifuata ile iliyoshiba kama mtoto anayemkimbilia mama sokoni. Lugano alikuwa amesimama katikati na kioo chake, matope mpaka kwapani, anapiga kelele za furaha kwa Kinyakyusa. Pengo lilipofunguka, Matete yote ilishuka na ndoo za uji wa pumba, ikamwaga pande zote mbili, na ncha za tuta zikanyooshana zikakutana. Lugano alipitisha mkono, kisha sikio, kisha kioo.

"Hakuna ufa," alisema. Akarudia kwa sauti, mtaa mzima usikie.

Sikudhani alimkuta Bi Chausiku anajaribu baraza lake jipya, ameegemea ukuta mwembamba, uso umekunjamana.

"Unauma," Bi Chausiku alilalamika. "Ukuta huu haunijui kabisa."

"Utakuzoea, mama. Bado mchanga."

"Ndiyo nimekaa hivi, nauzoeza." Akajisogeza, akabonyeza mgongo wake mwenyewe ukutani.

Mvua ilikuja mchana, yote kwa pamoja, kama mtu aliyepindua pipa. Mto Mkese ulipanda, ukawa mwekundu, ukapita na magogo na godoro la mtu. Uliligonga tuta, ukalisugua, ukatafuta pa kuingilia. Watu walisimama milangoni, wakiutazama. Kisha mto ukapinda, ukaendelea na safari zake.

Sikudhani alitaka kushuka kuona kwa macho yake. Kichochoro kilikuwa kimebana hivi kwamba mabega yake yaligusa kuta zote mbili, na kuta zilikuwa na joto kama migongo ya watu. Alifika penye kona akasimama, maana mbele yake njia ilikuwa imeziba.

Tekla alikuwa anapanda, mwana mgongoni, sufuria kichwani. Bi Chausiku alikuwa anashuka, birika la chai mkono mmoja na vikombe mkono mwingine. Wamekutana katikati. Hakuna wa kurudi nyuma, kumejaa utelezi, na hakuna wa kupita, nafasi haitoshi wawili.

"Jongea," alisema Tekla.

"Nijongee wapi? Mbinguni?"

"Basi nishike."

"Nina birika."

"Nishike na birika lako hilo hilo, bibi, sufuria itaanguka!"

Bi Chausiku akamzungusha mikono kiunoni, birika na vikombe vikining'inia mgongoni kwa mtoto. Tekla akamkumbatia mabega kwa mkono mmoja, mwingine juu kwenye sufuria. Wakabanana kifua kwa kifua, wakageuka pole pole, hatua ndogo ndogo, kama wanaocheza ngoma wasiyoijua, mvua inawapiga, mtoto anacheka kwa sababu birika lina joto.

Walipomaliza kugeuka, yule wa juu alikuwa chini na wa chini alikuwa juu, njia ilikuwa wazi kwa kila mmoja. Hakuna aliyemwachia mwenzake.

"Pita basi," alisema Bi Chausiku.

"Napita," Tekla alijibu, na akabaki palepale.